Daftari la Usomaji: Juu ya Kuweka Kumbukumbu ya Mwaka Mmoja wa Vitabu

Utangulizi

Wakati wa utetezi wa tasnifu kuna swali ambalo wasahihishaji hawachoki kuliuliza, nalo ni fupi: "Maneno haya umeyatoa ukurasa gani?" Mtahiniwa huinamia karatasi zake, hufunua mbele na nyuma, kisha hunyamaza. Aghalabu mtu huyu si mwongo. Kitabu alikisoma kweli, tena kwa bidii. Lakini alikisoma miezi kumi na minne kabla, katika nakala ya kuazima, kwa siku tatu alizopewa, na nakala hiyo ilikwisha kurudi kwa mwenyewe, ambaye naye amehamia mji mwingine. Kilichobaki ni kumbukumbu ya kichwani, na kumbukumbu ya kichwani haihifadhi namba za kurasa.

Mwandishi wa makala haya hana ubavu wa kumcheka mtahiniwa huyo. Aliwahi kujenga hoja nzima juu ya sura moja ya kitabu fulani, akaja kugundua, kazi ikiwa imekwisha kupigwa chapa, kwamba sura hiyo haimo katika kitabu hicho. Ilikuwa katika kitabu kingine cha mtungaji yule yule, kilichosomwa mwezi ule ule. Tangu hapo ana daftari. Wanafunzi wake huliita kaye, kama wasemavyo watu mjini, na jina hilo halidhuru kitu.

Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya daftari la namna hiyo na jinsi linavyoweza kupangwa na watu wanaosoma kwa ajili ya taaluma ya Kiswahili katika vyuo vyetu. Hatuzungumzii orodha ya marejeo, ambayo ni ya kazi moja na hufa pamoja nayo, wala karatasi za utafiti ambazo mtu huzijaza akiwa na swali maalumu mkononi. Tunazungumzia kitu cha chini zaidi ya hapo: mfululizo wa maandishi yote ambayo mtu ameyasoma tangu Januari hadi Desemba, kwa utaratibu ule ule alioyasoma, pamoja na maneno machache juu ya kila moja. Mahali penye maktaba tajiri daftari kama hilo ni pambo. Msomaji akisahau huinuka na kwenda kwenye rafu. Kwetu kitabu hupita mikononi kama mgeni wa njiani, na mara nyingi hakirudi.

Waliotangulia

Desturi hii ni ya kale. Plinius Mzee, yule Mrumi aliyefariki mwaka 79 wakati mlima Vesuvius ulipolipuka, hakusoma kitu bila kudondoa. Hata wakati wa chakula alikuwa na mtu wa kumsomea na yeye akiandikisha. Mpwa wake ndiye aliyerithi madaftari hayo, nayo yalikuwa 160, yameandikwa pande zote mbili za karatasi kwa mwandiko mdogo. Katika ulimwengu wa Kiislamu kumbukumbu ya kusoma ilikuwa jambo la jamaa wala si la mtu mmoja: hati za samaa, zilizoandikwa ndani ya kitabu chenyewe, zilitaja ni nani aliyesoma kwa sauti, ni nani waliosikiliza, mahali gani na tarehe ipi. Kwa hati hizo mtaalamu wa leo anaweza kumfuata msomaji wa karne nyingi zilizopita kutoka kikao hata kikao. Sisi wenye kusoma peke yetu na kimoyomoyo hatuachi alama yoyote ya namna hiyo, isipokuwa tukijiandikia.

Montaigne, katika kitabu cha pili cha insha zake kilichotoka mwaka 1580, alikiri kwamba ilimtokea zaidi ya mara moja kushika kitabu kama kitu kipya, kumbe alikwisha kukisoma na kukijaza maandishi yake. Dawa yake ilikuwa nyepesi: mwishoni mwa kila kitabu alichodhani hatakirudia aliandika tarehe aliyokimaliza na hukumu yake kwa jumla. Dawa hiyo inamfaa mwenye vitabu vyake. Mtu wa kuazima hana haki ya kuandika katika kitabu cha mwenzake, kwa hiyo hukumu yake lazima ipate makao mengine.

Mfano unaotukaribia zaidi ni ule wa Charles Darwin. Tangu mwaka 1838 hadi mwaka 1860 aliweka madaftari ya usomaji, akitenga vitabu alivyokwisha kusoma na vile alivyotaka kusoma. Hukumu zake ni za maneno machache mno, na mara nyingine hakuona haya kuandika kwamba kitabu fulani amekipitia juu juu tu. Jambo hilo la mwisho twalisisitiza. Daftari lisilo na nafasi ya kusema "sikukimaliza" ni daftari la kujipamba, na mwenye kulisoma baadaye, hata akiwa ni mwenyewe, atadanganyika.

Locke na herufi zetu

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1686 alitangaza kwa Kifaransa njia yake ya kupanga madaftari ya madondoo, na njia hiyo ikaigwa kwa muda mrefu. Kila dondoo hupewa neno la kichwa. Katika kurasa mbili za mwanzo panachorwa faharasa: herufi 20, na mbele ya kila herufi irabu tano, jumla vyumba 100. Neno huwekwa katika chumba cha herufi yake ya kwanza pamoja na irabu ya kwanza inayoifuata. Hivyo mtu huandika popote palipo wazi katika daftari, kisha hutia namba ya ukurasa katika chumba kinachohusika, na hapotezi karatasi kwa kuacha nafasi ya mambo ambayo labda hayatakuja.

Tulijaribu njia hiyo kwa Kiswahili, na ilituvunjikia mikononi. Kwanza, Locke aliziacha herufi K, Y na W kwa kuwa aliona C, I na U zatosha mahali pao. Mwenye kuandika Kiswahili bila K, Y wala W na afunge daftari akalale. Hilo lingeweza kurekebishwa kwa kuongeza mistari. Kosa kubwa zaidi limo katika umbo la maneno yetu. Dhana nyingi ambazo msomaji wa fasihi huzitafuta ziko katika ngeli ya U-: uhuru, utumwa, ukoloni, umaskini, ujamaa, utengano, unyumba, uchawi. Zote zinakimbilia herufi moja. Watu nao wanajazana katika M-, vitu katika KI-. Baada ya miezi mitatu kurasa za U zilikuwa zimefurika huku zile za D na G zikiwa nyeupe kama zilivyotoka dukani.

Tatizo hilo watunga kamusi walikutana nalo kabla yetu. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson na kutoka mwaka 1939 inaweka majina mengi chini ya mzizi wa kitenzi yanakotokana. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 inaliweka neno mahali pake kama linavyoonekana, pamoja na kiambishi chake. Kwa mtu anayetafuta maana ya neno, utaratibu wa pili ni mwepesi, kwani haumlazimishi kujua sarufi kabla ya kufungua kamusi. Kwa daftari la usomaji, tumeona kwamba ule wa kwanza unafaa zaidi, na sababu yake tuliipata kwa bahati.

Tulipohamisha faharasa kwenye mizizi, maneno utumwa, mtumwa, mtumishi na utumishi yalikutana katika ukurasa mmoja, chini ya -tum-. Katika ukurasa huo zilikuja kuandikwa namba za vitabu vitatu ambavyo hatukuwahi kuvifikiria pamoja. Cha kwanza ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapwa mwaka 1934, juu ya watumwa waliokombolewa na kizazi chao huko Mombasa. Cha pili ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2022, ambamo kijana Yusuf amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Cha tatu ni maandishi ya André Yav ya mwaka 1965 juu ya mji wa Élisabethville, yaliyotungwa kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Mtumwa aliyekombolewa, mtoto wa rehani, na boyi wa Katanga: je, lugha inapowaweka watu hawa watatu chini ya mzizi mmoja inasema kitu, au ni sadfa ya sarufi? Hatutajibu hapa. Twasema tu kwamba swali hili lilitoka katika faharasa, na mwanafunzi mmoja amelichukua kwa ajili ya tasnifu yake.

Nini kiandikwe

Tarehe ya kuanza na ya kumaliza, jina la mtungaji, jina la kitabu, mahali na mwaka wa kuchapwa: hayo kila mtu anayajua na hayahitaji maelezo. Tutakaa juu ya mambo matatu ambayo watu huyapuuza.

La kwanza ni kusema waziwazi ulisoma maandishi gani. Tuchukue hayo hayo ya André Yav. Mwanafunzi akituambia "nimesoma Vocabulaire", hajatuambia kitu. Yako maandishi yenyewe ya mwaka 1965, ambayo kwa jinsi maneno yalivyoungwa na kutengwa hayasomeki kwa urahisi kwa macho peke yake. Iko kazi ya Johannes Fabian ya mwaka 1990, ambayo ndani yake maandishi hayo yamesomwa upya kwa sauti na Kalundi Mango, kisha sauti hiyo ikaandikwa. Iko tafsiri ya Kiingereza katika kitabu hicho hicho. Na kwa wanaosoma kwenye simu au kompyuta, yako pia matini yaliyowekwa kwenye intaneti katika hifadhi ya Kiswahili cha watu wa kawaida. Mwenye kusoma tafsiri ya Kiingereza kisha akahukumu Kiswahili cha Yav amehukumu asichokiona. Mstari mmoja wa daftari ungemwokoa.

Majina nayo yana mitego yake katika nchi yetu. V.Y. Mudimbe, aliyefariki mwaka 2025, alijulikana kwanza kama Valentin-Yves. Baada ya mwaka 1972, siasa ya uhalisi ilipokataza majina ya Kikristo, herufi zile zile mbili zikawa za Vumbi Yoka. Msomaji asiyejua hayo anaweza kuwafanya watungaji wawili katika daftari lake, kila mmoja na vitabu vyake. Mji wa Élisabethville ulikuwa Lubumbashi mwaka 1966. Nchi iliitwa Zaire tangu mwaka 1971 hadi mwaka 1997. Chuo kikuu kilichofunguliwa katika mji huo mwaka 1956 kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire mwaka 1971, kikajitegemea tena mwaka 1981. Kazi moja ya mwalimu mmoja inaweza kubeba majina matatu ya chuo katika majalada matatu. Shauri letu ni kunakili jalada kama lilivyo, bila kusahihisha, na kuweka jina la leo katika mabano. Anayesahihisha majina anafuta historia ya kitabu.

La pili ni njia ambayo kitabu kilifika kwako. Jambo hili halimo katika miongozo ya wenye maktaba, na haishangazi. Andika ni nakala ya nani, imetoka wapi, ni kitabu kizima au fotokopi, na fotokopi hiyo inakosa kurasa zipi. Nakala yetu ya Peponi ilinunuliwa Dar es Salaam, ikapita Tunduma, ikavuka Zambia na kuingia Kasumbalesa ndani ya begi la mfanyabiashara wa vitenge. Nagona ya Kezilahabi, ya mwaka 1990, tuliisoma katika fotokopi ya fotokopi, na mistari ya chini ya kurasa kadhaa imekatwa. Tulipoandika hukumu yetu, kwamba riwaya hii inamwacha msomaji katikati ya sentensi, ilitubidi kuongeza: "Huenda ni mashine." Aliyewahi kusoma Nagona atajua kwamba si rahisi kukata shauri kati ya mawili hayo.

Hapa lazima tuguse suala la silabasi, yaani kitini cha mafundisho ambacho profesa hukiandika na wanafunzi hukinunua. Je, kihesabiwe? Wapo wenzetu wanaosema hapana, kwa kuwa si kitabu, hakina mchapishaji, na hubadilika mwaka hata mwaka. Sisi tunaona kinyume, tena kwa sababu hizo hizo. Kwa wanafunzi wengi silabasi ndiyo maandishi pekee ya fani hiyo watakayoyashika mpaka mtihani, nayo hupotea upesi kuliko kitabu chochote. Mwanafunzi aandike ni ya mwaka gani na ina kurasa ngapi. Akiweza, aandike pia ni vitabu gani vimetajwa ndani yake ambavyo yeye hakuviona kwa macho, kwa sababu hapo ndipo mazoea mabaya huanza: mtu husoma juu ya Kufikirika katika silabasi, kisha baada ya miaka miwili husema, na husadiki, kwamba alisoma Kufikirika.

La tatu ni hukumu. Iwe fupi, iwe ya siku ile ile, na isirekebishwe. Ukibadili mawazo andika hukumu ya pili chini yake na tarehe yake. Mwandishi wa makala haya alipomaliza Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, kwa mara ya kwanza akiwa mwanafunzi, aliandika kwamba ni hotuba ndefu mno za mshitakiwa mmoja. Alipoirudia baada ya miaka mingi ya kukaa katika mikutano ya chuo, akisikiliza mapendekezo mazuri yakizikwa moja baada ya jingine, aliandika: "Si ndefu." Hukumu mbili hizo zikikaa pamoja zinamfaa kuliko kila moja peke yake.

Ni wazi kwamba daftari lenye hukumu za kweli halifai kuachwa juu ya meza ya ofisi. Kuna vitabu vya wenzetu ndani yake.

Mwisho wa mwaka

Desemba ikifika, mtu hupata hamu ya kuhesabu. Ahesabu, lakini asiamini hesabu hiyo kupita kiasi. Nagona ni kijitabu chembamba na ilituchukua majuma matatu. Riwaya fulani ya upelelezi, nene kuliko hiyo, iliisha kwa jioni mbili za mvua. Tumeona pia kwamba anayeshindana na idadi ya mwaka uliopita huanza kuchagua vitabu vyembamba kuanzia Oktoba. Idadi peke yake haisemi mengi. Safu inayosema ni ile ya lugha.

Mwaka tulipoitazama safu hiyo kwa mara ya kwanza tuliona aibu. Zaidi ya nusu ya maandishi tuliyosoma yalikuwa ya Kifaransa. Sehemu kubwa ya yaliyobaki ilikuwa ya Kiingereza, nayo karibu yote yalihusu Kiswahili: sarufi yake, historia yake, fasihi yake, siasa yake. Yale yaliyoandikwa kwa Kiswahili yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole gumba kilibaki wazi. Tena ni mwalimu wa Kiswahili aliyeshika daftari hilo, mtu anayewalaumu wanafunzi wake kila mwaka kwa kutosoma. Tuliwasomea wanafunzi matokeo hayo darasani, tukitumaini kwamba wataona haya pamoja nasi. Mmoja wao alisimama akauliza kwa adabu: "Mwalimu, hivyo vinne vilitoka wapi?"

Tulirudi kwenye safu ya njia. Uhuru wa Watumwa ulikuwa mkopo wa padri mzee. Peponi ilikuja na mfanyabiashara. Nagona ilikuwa fotokopi. Yav tulimsoma kwenye skrini. Hakuna hata kimoja kilichonunuliwa katika duka la mji wetu, na hakuna kilichotoka katika rafu ya maktaba yoyote. Kwa hiyo ilikuwa vigumu kuendelea kuwalaumu wanafunzi kwa namna ile ile. Watu wa Uvira na Kalemie wana ziwa, na ng'ambo ya ziwa kuna Kigoma. Watu wa Lubumbashi wana barabara ya Kasumbalesa. Bidhaa nyingi zinatoka Dar es Salaam kwa barabara hiyo. Vitabu vinakuja mojamoja, katika begi la mtu aliyekumbuka.

Kutokana na hayo darasa lilikubaliana jambo moja la vitendo. Kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweka daftari lake, lakini safu mbili, ile ya jina la kitabu na ile ya njia, zinanakiliwa mwisho wa kila muhula katika daftari moja la pamoja linalokaa kwa mwakilishi wa darasa. Hukumu hazinakiliwi, ni mali ya mtu. Hivyo anayetafuta Utengano au Kuli anajua ni nani aliyewahi kuishika na kwa nani aliirudisha. Katika muhula wa kwanza iligunduliwa kwamba nakala moja ya Rosa Mistika ilikuwa imezunguka katika mikono tisa bila ya mwenyewe kujua. Yeye alikwisha kuihesabu kuwa imepotea, kumbe ilikuwa ikisomwa nyumba ya pili kutoka kwake.

Upungufu wa mpango huo ni kwamba unategemea ukweli wa watu, na watu huona haya kuandika kwamba kitabu cha mwenzao kiko kwao. Kwa sababu hiyo tumeongeza ukurasa wa mwisho, wa vitabu vilivyotolewa, unaojazwa na mwenye kitabu wala si na mwenye kuazima. Mwandishi wa makala haya ameujaza wa kwake. Peponi iko kwa mwanafunzi mmoja tangu mwezi wa Machi. Tarehe aliyoahidi kuirudisha imeandikwa kando ya jina lake, na imekwisha kupita.